Shampuu isiyo na salfeti kwa kichwa chenye mafuta: dalili, chanzo na la kufanya

Maneno "bila salfeti", yaani bila kundi la visafishaji vyenye nguvu vya shampuu za kawaida, yanakwambia kilichoondolewa kwenye chupa. Hayakwambii kilichowekwa badala yake, na kwa mwenye kichwa cha mafuta hicho ndicho kinachoamua kila kitu. Chupa mbili zinaweza kubeba maneno hayo hayo mbele, moja ikakwangua kichwa mpaka ngozi ikabana, nyingine ikashindwa kutoa hata jasho la jana. Mambo yakienda mrama, basi, usianze kwa kununua nyingine. Geuza hiyo uliyonayo usome nyuma.

Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Vilivyo chini ya asilimia 1 tu ndivyo vinavyoweza kupangwa vyovyote mwishoni. Maji huwa ya kwanza karibu kila mara, na visafishaji, yaani vile vinavyoshika mafuta na kuyaondoa pamoja na maji, huwa ndani ya majina manne au matano yanayofuata. Soma hapo. Mimea na matunda yaliyochorwa mbele ya chupa mara nyingi utayakuta mkiani, karibu na manukato.

Hakikisha kwanza kwamba salfeti kweli haimo. "Sodium lauryl sulfate", "sodium laureth sulfate" na "ammonium lauryl sulfate" zinajulikana na wengi. Inayopita bila kutambuliwa ni "sodium coco sulfate", inayopendwa na bidhaa zinazojiita za asili kwa kuwa hutengenezwa kwa mafuta ya nazi. Ni salfeti vilevile, tena sehemu yake kubwa ni ile ile "lauryl sulfate". Kwa upande mwingine, usikimbie kila neno linalofanana. "Behentrimonium methosulfate" ni kilainishi cha nywele, hakisafishi. "Selenium sulfide" ni dawa ya mba. Nayo "sodium C14-16 olefin sulfonate" kwa jina si salfeti, lakini nguvu yake ya kuondoa mafuta haiko mbali na ya salfeti. Ikumbuke hii, tutairudia.

Sasa tuzifuate dalili.

Nywele zinanata hata baada ya kuosha

Hili ndilo lalamiko kubwa la waliohama kutoka shampuu za salfeti, na vyanzo vyake ni vingi, kwa hiyo twende taratibu.

Nywele zikishakauka kabisa, zitenganishe utosini, kandamiza karatasi ya shashi juu ya ngozi kwa sekunde chache, kisha iinue kwenye mwanga. Ukiona doa linalopitisha mwanga, hayo ni mafuta ya ngozi ambayo shampuu haikuyatoa. Karatasi ikitoka kavu, na bado nywele ni nzito na zinashika vidole, au ukikwaruza kidogo unapata utando mweupe wa kijivu chini ya ukucha, hayo si mafuta ya ngozi. Ni masalia: ya bidhaa, ya sabuni, au ya maji yenyewe. Njia za kurekebisha ni mbili tofauti, na wengi hukosea kwa kuzichanganya.

Ukiwa na doa la mafuta, anza na namna unavyoosha, maana hilo ni la bure. Lowesha nywele kwa dakika nzima, mpaka maji yafike kwenye ngozi. Sugua shampuu viganjani kwanza ndipo uipeleke kichwani, sehemu kwa sehemu: utosini, pembeni, nyuma ya masikio, kisogoni. Nyuma ya masikio na kisogoni ndiko kunakosahauliwa zaidi. Tumia nyama ya vidole, usitumie kucha. Suuza, kisha rudia yote tangu mwanzo.

Angalia povu linavyofanya katika raundi hizo mbili. Ya kwanza huwa halisimami: linakufa na kuwa uji mwepesi wa rangi ya maziwa, kwa sababu mafuta huua povu. Ya pili, ikiwa mafuta mengi yameshatoka, povu husimama na kujaa kwa shampuu kidogo tu. Kama hata raundi ya pili linakufa vilevile, kisafishaji kimezidiwa. Soma chupa. Ikiwa kilicho mbele ni betaini, kwa mfano "cocamidopropyl betaine", bila msaidizi mwenye nguvu, hiyo shampuu ni ya watu wengine. Tafuta ambayo betaini inakuja ya pili au ya tatu, nyuma ya "sodium cocoyl isethionate", "sodium lauroyl methyl isethionate", "disodium laureth sulfosuccinate" au "sodium methyl cocoyl taurate". Kundi hili ndilo ninalolipendekeza kwa kichwa cha mafuta cha kawaida: linasafisha vya kutosha bila kuumiza ngozi. Hata glukosidi, kama "decyl glucoside", hufanya kazi nzuri zikishirikiana na mojawapo ya hizo.

Karatasi ikitoka kavu, mtuhumiwa wa kwanza ni vilainishi vilivyomo ndani ya shampuu yenyewe. Majina yao ni kama "polyquaternium" ikifuatwa na namba, "guar hydroxypropyltrimonium chloride", "dimethicone" na "amodimethicone". Vingi kati ya hivi vina chaji chanya, na unywele una chaji hasi, kwa hiyo hujishikiza na kubaki hata ukisuuza. Ndivyo vilivyokusudiwa. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya shampuu zisizo na salfeti hutengenezwa kwa ajili ya nywele kavu, zilizotiwa rangi au zilizojikunja, ambazo zinahitaji kupakwa kitu. Mwenye kichwa cha mafuta akiibeba chupa hiyo kwa sababu ya neno moja la mbele, anajipaka kila anapojiosha. Ukiona maneno ya kurutubisha, kulainisha sana au kurudisha unyevu, irudishe rafuni. Inayokufaa huandikwa kwamba ni nyepesi, ya kuongeza ujazo, au ya kusafisha kwa kina.

Mtuhumiwa wa pili ni sabuni. Vipande vingi vya "shampuu ya mche" ni sabuni halisi: utaona "sodium cocoate", "sodium palmate", "sodium olivate", na zile za maji "potassium cocoate". Ni kweli kabisa hazina salfeti. Lakini sabuni ina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hadi 10, wakati ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5. Tena ikikutana na maji magumu, yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, hufanya utando usioyeyuka unaoganda kwenye nywele. Unaweza kuliona kwa macho. Jaza nusu chupa ya plastiki angavu kwa maji unayoogea, kwangulia humo kipande kidogo cha sabuni, tikisa. Fanya vivyo hivyo kwa maji ya mvua au yaliyotoneshwa. Chupa ya maji magumu itakuwa na vumbivumbi jeupe linaloelea na povu kiduchu, ya pili itajaa povu. Huo weupe ndio unaoubeba kichwani.

Dawa yake ni kuacha sabuni na kuchukua mche ulioanza na "sodium cocoyl isethionate", kisha kila baada ya wiki moja au mbili kutumia shampuu yenye kiambato cha kukamata madini, kama "tetrasodium EDTA" au "sodium phytate". Kusuuza kwa siki iliyopunguzwa sana, kijiko kimoja cha chakula katika nusu lita ya maji, husaidia pia, ilimradi ngozi haina mikwaruzo na macho umeyafumba.

Povu halitoki

Hapa hakuna ugonjwa. Povu si kipimo cha usafi, na visafishaji vingi vya upole hutoa povu dogo. Ongeza maji kabla ya kuongeza shampuu. Wengi huosha nywele zilizolowa nusu, kisha wakamimina theluthi ya chupa kutafuta povu, halafu wakashindwa kuisuuza yote. Kunata kunaanzia hapo.

Umeosha asubuhi, jioni mizizi imelala

Kuna nadharia inayopendwa sana: kwamba salfeti huondoa mafuta yote, tezi zikashtuka na kutoa mengi zaidi, na kwamba ukivumilia wiki kadhaa za kichwa kuteleza, ngozi "itajifunza". Mimi siinunui. Kiasi cha mafuta huamuliwa hasa na homoni za kundi la androjeni, umri na urithi. Tezi iko ndani ya ngozi, haina habari na ulichooshea juu. Kwa hiyo usikae wiki sita na kichwa kinachonuka ukisubiri kipindi cha mpito kiishe. Ukishaosha kwa njia sahihi mara kadhaa na hali haibadiliki, shampuu hiyo si yako.

Kinachobadilika kweli ni kasi ya mafuta kuonekana. Kwenye nywele nyembamba zilizonyooka hushuka haraka kwenye shina na kuzilaza. Kwenye nywele za kipilipili hubaki palepale kwenye ngozi. Watu wawili wenye mafuta sawa wanaweza kulalamika tofauti kabisa.

Kabla ya kubadilisha shampuu, kagua haya. Kondishena inafika wapi? Isiguse ngozi, ianzie katikati ya nywele kushuka chini. Brashi ilisafishwa lini? Shika brashi uipendayo uangalie pale bristoli zinapoota: huo utando wa kijivu ni mafuta ya zamani na ngozi iliyokufa, na kila unapochana unaurudisha juu ya nywele safi. Foronya na kofia ni hivyohivyo. Shampuu ya unga nayo hufyonza mafuta kwa wanga, lakini haiyaondoi kichwani, na siku ya tatu ya kuirundika juu ya yenyewe unakuwa na unga uliolowa mafuta.

Baada ya hapo, osha mara nyingi zaidi. Najua ushauri uliozoeleka ni kupunguza. Lakini faida mojawapo ya kuwa na kisafishaji cha upole ni kwamba kinaruhusu kuosha kila siku, au siku moja baada ya nyingine, bila kuichosha ngozi. Kama unatoka jasho sana au unafanya mazoezi, kuosha kila siku si kosa.

Ngozi inabana na kuwasha mara tu baada ya kuosha, kisha mafuta yanarudi

Hapa kosa liko upande wa pili: shampuu ni kali mno. Rudi kwenye lebo utafute "olefin sulfonate" mahali pa pili au pa tatu. Ikiwa pamoja na mentholi, asidi ya salisiliki na manukato mengi, mwasho hauna la kushangaza. Mafuta ya ngozi na maji ya ngozi ni vitu viwili: unaweza kuwa na tezi zinazomwaga mafuta na bado tabaka la juu likawa limekauka na kupasuka. Ndiyo maana wenye hali hii hujidanganya kwamba wana ngozi kavu, wakaipaka mafuta, wakazidisha tatizo.

Iweke hiyo chupa kali kwa matumizi ya mara moja kwa wiki, siku za kati utumie ya upole. Maji yawe ya vuguvugu. Raundi moja badala ya mbili. Wala usione aibu kurudi kwenye shampuu ya salfeti ikiwa ndiyo iliyokuwa ikikufaa. "Sodium laureth sulfate" ni mpole kuliko nduguye "lauryl", na ikichanganywa na betaini hupungua ukali zaidi. Fomula nzima ndiyo inayoamua, si jina moja ndani yake. Uvumi kwamba salfeti za shampuu husababisha saratani hauna msingi. Sababu ya maana ya kuziepuka ni mwasho na ukavu, na nywele zilizotiwa rangi.

Mba zenye mafuta, za njano, zinazowasha

Watu wengi hununua shampuu bila salfeti kwa sababu ya mba, wakidhani salfeti ndiyo imezileta. Kwa kichwa cha mafuta, mhusika mkuu ni hamira, aina ya fangasi, iitwayo Malassezia. Inaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima na inakula mafuta yake. Katika kuyavunja huacha asidi za mafuta zinazochokoza ngozi ya baadhi ya watu, ngozi ikaanza kujimenya haraka kuliko kawaida.

Tofautisha. Vijipande vyeupe, vidogo, vikavu, vinavyoanguka mabegani vyenyewe, vikitokea baada tu ya kubadilisha shampuu, vinaweza kuwa ukavu au masalia. Magamba ya njano yenye mafuta, yaliyoshika kwenye ngozi, yakiambatana na wekundu au mabaka yaliyobadilika rangi, hasa pembeni mwa pua, kwenye nyusi na nyuma ya masikio, hiyo ni hali iitwayo ugonjwa wa ngozi wa seboreya. Kwenye ngozi nyeusi mabaka huweza kuonekana meupe au yaliyopauka badala ya mekundu.

Hakuna shampuu ya kawaida, yenye salfeti au isiyo nayo, itakayotibu hilo peke yake. Unahitaji dawa ndani yake: ketokonazoli, seleni salfaidi, piroktoni olamini, au zinki pirithioni, ingawa hii ya mwisho Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku katika vipodozi tangu Machi 2022. Ketokonazoli hupakwa kwenye ngozi, huachwa dakika 3 hadi 5, ndipo husuuzwa. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4, kisha mara moja moja kuzuia isirudi. Kosa linaloharibu tiba ni kuisuuza papo hapo. Pili ni kuipaka kwenye nywele badala ya ngozi.

Shampuu nyingi za dawa zina salfeti. Nashauri uikubali hiyo mara mbili kwa wiki na siku nyingine utumie ya upole, kuliko kuikataa dawa kwa sababu ya povu lake. Na acha kupaka kichwa mafuta ya nazi au ya zeituni ukitaka kulainisha magamba: yamejaa asidi za mafuta za aina ileile ambayo hamira hiyo hula.

Mizizi ina mafuta, ncha kavu kama nyasi

Osha ngozi, siyo nywele. Shampuu iishie kwenye mizizi. Povu linaloshuka wakati wa kusuuza linatosha kwa ncha. Kondishena nene iwe ya ncha tu. Aliyesuka apunguze shampuu kwa maji ndani ya chupa yenye mdomo mwembamba, aielekeze kwenye mistari, abonyeze badala ya kusugua, kisha asuuze muda mrefu kuliko anavyodhani inahitajika na akaushe mpaka ndani ya misuko. Unyevu unaokaa humo siku nzima ndio chanzo cha harufu.

Vipele au wekundu uliotokea baada ya kubadilisha

"Ya upole" haimaanishi kwamba haiwezi kukupa mzio. Jumuiya ya madaktari wa mzio wa ngozi ya Marekani, American Contact Dermatitis Society, huchagua kila mwaka kiambato cha kuangaliwa. Mwaka 2004 ilikuwa "cocamidopropyl betaine", na 2017 zikawa glukosidi, yaani vipenzi viwili vya shampuu zisizo na salfeti. Mwaka 2013 ilikuwa kihifadhi "methylisothiazolinone", ambacho bado hukutwa kwenye bidhaa za kusuuza.

Ajabu ya mzio wa shampuu ni kwamba ngozi ya kichwa, kwa kuwa ni nene, inaweza kubaki salama. Vipele hujitokeza pale maji yanapopita: kope, masikio, shingo, pembeni mwa uso. Tena havitokei mara moja, huchelewa siku 1 hadi 3, kwa hiyo mtu hulaumu mkufu au kitambaa. Acha bidhaa hiyo kabisa, uoshee nyingine yenye viambato vichache na isiyo na manukato. Vikirudi hata hivyo, kipimo cha viraka kwa daktari wa ngozi, yaani kubandika viambato kwenye ngozi kuona kipi kinaichokoza, ndicho kitakachotaja jina lenyewe. Kubahatisha kwa kubadili chupa kutakufilisi.

Pale ambapo shampuu si jibu

Mafuta yakiongezeka ghafla kwa mwanamke, pamoja na chunusi, nywele za kidevuni au hedhi inayoruka, chanzo kinaweza kuwa homoni. Mtoto mwenye mabaka ya duara yaliyonyonyoka nywele na magamba anaweza kuwa na fangasi ya kichwa, na hiyo hutibiwa kwa dawa ya kumeza. Vidonda, usaha, maumivu, nywele kutoka kwa mafungu, au mba ambazo wiki 4 za shampuu ya dawa hazikuzipunguza, vyote hivyo mpelekee daktari. Siku hiyo usijisafishe kichwa kwa bidii kabla ya kwenda. Aone magamba yalivyo. Chukua na picha ya nyuma ya kila chupa unayotumia, ikiwemo kondishena, herufi zisomeke.